Nafasi ya jina ilibaki wazi

"Mtoto anaitwa nani?"

Nesi aliuliza bila kuinua macho, kalamu iko tayari juu ya kadi. Mdogo wangu alikuwa amemfunga mwanawe kifuani kwa kanga, ngozi kwa ngozi, kama alivyofundishwa wodini, kwa sababu mtoto alikuja wiki 5 kabla ya siku zake. Alikuwa na siku 12. Uzito ulikuwa umeanza kupanda, na asubuhi ile tulitoka kwenye mizani tukiwa na furaha ya kweli.

"Tabu," mdogo wangu akasema.

Kalamu ikasimama.

"Tabu gani tena, dada, na mtoto uzito unaongezeka?"

Benchi zima likaangua kicheko. Hakikuwa cha ubaya. Ni wanawake waliokaa pale tangu alfajiri, wamechoka, wamepata cha kuwapunguzia uchovu. Mdogo wangu akatabasamu, akavuta kanga, akasema, "Basi liache kwanza, hatujaamua." Nesi akaandika wanavyoandikwa watoto wote kabla hawajapata majina: *Mtoto wa*, kisha jina la mama yake.

Nafasi ya jina ikabaki wazi.

Na mimi nilicheka pamoja nao.

Hilo ndilo lililonifuata wiki zote zilizofuata, kazini, kwenye daladala, kitandani. Tabu ni jina la bibi yetu mzaa mama. Mdogo wangu hakuliokota njiani. Mtoto wake wa kwanza ni wa kiume, kuumeni wakampa jina la babu yao kama ilivyo ada; huyu wa pili ilikuwa zamu ya kukeni, na tangu mimba ina miezi 5 aliniambia akijaliwa wa kike atampa Bibi somo, yaani mtoto wa jina lake. Nilijua yote hayo, na bado nilicheka.

Tena mimi, niliyeitwa Sikudhani.

## Nuru, ua, malkia

Jioni ile mdogo wangu alikuwa anapekua simu. Orodha za majina ya watoto wa kike na maana zake hazina mwisho. Nuru. Ua. Mwanga wa asubuhi. Malkia. Johari. Maana zote ni nzuri sana, na mengine yalipewa maana mbili tofauti katika orodha mbili, na hakuna aliyejali, ilimradi zote mbili zinapendeza.

Sina ugomvi na anayemwita mwanawe Nuru. Lakini nilivyozidi kusoma nilianza kuona kitu kinakosekana. Katika orodha hizo mtoto hana siku aliyozaliwa. Hakuna mvua iliyokuwa ikinyesha, wala mama aliyekuwa peke yake, wala ndugu waliotangulia wakazikwa.

Majina niliyokua nayo mtaani hayakuwa hivyo. Chausiku alizaliwa usiku. Mwanaidi alizaliwa Sikukuu. Hamisi ni Alhamisi yake, Ramadhani ni mwezi wake, na kina Mosi, Pili na Tatu walijua nafasi zao nyumbani kabla ya kujua kuhesabu. Mwenzangu kazini ni Msukuma, anaitwa Shija. Ukishasikia jina hilo unajua kwamba waliomtangulia ni mapacha, Kulwa na Doto, na yeye ndiye aliyewafuata. Kwao wapo kina Mabula na Kabula, waliozaliwa mvua ikinyesha, na wapo kina Nyanzala, wanawake waliozaliwa wakati wa njaa. Ng'ambo ya ziwa, kwa Wajaluo, mvua hiyo hiyo inampa mtoto jina la Okoth au Akoth.

Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, yaani mtembezi. Baadaye mganga akaulizwa shauri, na mtoto akabadilishiwa, akawa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943, akiwa mtu mzima aliyelichagua mwenyewe. Nalipenda sana hilo la kati. Mtoto bado mchanga, na tayari wakubwa wametafuta shauri juu ya jina lake, kwa sababu walijua jina si pambo.

Hapo kwenye "si pambo" ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Kama jina si pambo, kama lina uzito kweli, basi nesi yule hakukosea kusimamisha kalamu.

## Habari ya Hazni

Ami yetu amefundisha madrasa zaidi ya miaka 30. Nilimpigia nikitaraji aniambie hakuna neno, mpeni mtoto jina la bibi yake. Hakuniambia hivyo.

Alinisimulia habari ya Hazni. Alikwenda kwa Mtume, akaulizwa jina lake nani. Akasema, Hazni, na maana yake ni ugumu, ardhi yenye mawe. Mtume akamwambia, wewe ni Sahli, yaani wepesi. Yule bwana akajibu kwamba habadilishi jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Saidi bin Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, ndiye aliyekuja kusimulia: ule ugumu ukabaki kwetu tangu siku ile.

"Umeona?" Ami akasema. "Alikuwa anamheshimu baba yake. Heshima ni jambo jema. Lakini waliobaki na ugumu ni wajukuu."

Sikuwa na jibu.

Usiku ule niliyahesabu maisha ya Bibi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Baba yake hakumjua. Alizika watoto 3. Mume wa kwanza alimwacha, wa pili alikufa mapema. Nyumba yake iliingia maji mafuriko ya mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la 2, na nakumbuka magodoro yakianikwa juu ya mapaa. Ukitaka kusema jina lilimfuata, ushahidi upo.

Kisha nikamkumbuka Bi Raha.

Bi Raha alikuwa dada yake Bibi, mkubwa wake. Baba mmoja, mama mmoja, chumba kimoja. Hatukumwona, tulisikia habari zake tu, kwa sababu alifariki kwa uzazi akiwa bado msichana, na mtoto hakupona. Bibi Tabu amefika umri ambao hata yeye hana hakika nao, ana wajukuu na vitukuu, anatembea kwa miguu yake kwenda kisimani. Raha hakuuona mwaka wake wa 20.

Nilimwambia Ami habari hiyo siku ya pili. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba wapo pia waliokuwa na majina mazito na hawakubadilishiwa. Hanzala, kwa mfano. Ni jina la tunda chungu la jangwani, na ndilo jina alilokufa nalo shahidi ambaye malaika walimwosha.

Nampenda Ami kwa sababu hiyo. Angeweza kunificha.

## Benoni

Nilipomsimulia Shija, yeye akanitolea Biblia. Raheli akiwa katika kufa kwa uchungu wa uzazi alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Baba akalibadili, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Halafu akanionyesha Yabesi, ambaye mama yake alimpa jina hilo kwa kusema, nimemzaa kwa huzuni. Yeye hakubadilishiwa. Alibaki Yabesi, akamwomba Mungu amwepushe na uovu usimhuzunishe, na Mungu akampa alichoomba.

Nilisoma zile aya mara nyingi. Kwa Benoni kuna kitu kinaniuma. Raheli alikuwa anakata roho. Neno lake la mwisho duniani lilikuwa jina la mtoto, na neno lenyewe lilifutwa. Namwelewa Yakobo. Ningekuwa baba yule nisingetaka kila ninapomwita mwanangu nimsikie marehemu akilia. Lakini mama alikuwa amesema kitu, na tangu siku ile hakuna aliyemwita mtoto kwa neno la mama yake.

Tena nikaona jambo ambalo orodha za simuni hazikuwa zimenionyesha. Khadija, jina ambalo kwetu hakuna anayelikataa, asili yake kwa Kiarabu ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Fatma limetoka kwenye kumwachisha mtoto ziwa. Yote mawili yametoka chumbani kwa mama, kwenye damu na maziwa. Yameitwa kwa heshima karne nyingi mno mpaka chumba chenyewe tumekisahau.

Kwa hiyo labda tatizo la Tabu ni kwamba tunalielewa. Limesemwa kwa lugha yetu.

## Bweni

Jumamosi nilipanda gari la Pangani. Bibi anakaa Bweni, ng'ambo ya mto, kwa hiyo ukifika mjini unasubiri kivuko pamoja na pikipiki, madumu na mbuzi. Nilimkuta barazani, miguu ameinyoosha, anasuka ukili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja peke yako? Somo yangu hajambo?"

Hajambo, nikasema, na uso ukanishuka. Yeye alishaamini kwamba jina limekwisha kupita. Ilinibidi nimwambie yote, kliniki, nesi, kicheko. Nikamwambia na mimi nilicheka. Mikono yake haikuacha ukili.

"Sasa wewe kinachokuuma ni nini?"

"Naogopa, Bibi. Naogopa kumbebesha mtoto tabu."

Hapo akaacha kusuka.

"Wewe unafikiri tabu ile ilikuwa yangu? Mimi nilikuwa na siku moja duniani. Mtoto wa siku moja ana tabu gani? Ananyonya, analala. Tabu ilikuwa ya mama."

Akanisimulia. Baba yake alikuwa baharia wa jahazi. Alitoka wakati wa kusi akimwacha mkewe na mimba na mtoto mmoja, Raha, na jahazi halikurudi. Mama mtu akakaa akisubiri, kwa sababu bila maiti na bila habari hata eda hujui uianze lini. Bibi akazaliwa katika kusubiri huko. Mkunga akauliza, aitwe nani? Na yule mama, ambaye miezi yote hakuwa amemwambia mtu lolote, akasema, Tabu.

"Hakulia msibani, maana msiba haukuwepo," Bibi akasema. "Alilia kwa jina langu. Kila aliponiita watu walisikia."

Nikamuuliza, hukuchukia?

"Nichukie nini? Nilikuwa nikiitwa naitika. Mama alikuwa na mtu wa kumwitikia."

Akanitajia na wengine wa zama zake pale Bweni: Siwatu, Majuto, na jirani yake Mwanajaa. Jaa ni jalala. Mama yake Mwanajaa alikuwa amezika watoto kadhaa, na alipozaliwa huyu akapewa jina la takataka ili mauti yampite, yasimwone ni kitu cha kutamaniwa. "Mwanajaa alipendwa kuliko sisi sote," Bibi akasema. "Jina lile ni mapenzi yaliyojificha."

## Jina la mama yake

Nilikuwa nimeshainuka niwahi kivuko nilipouliza jambo ambalo nilidhani ni dogo.

"Na mama yako yeye aliitwa nani?"

Nilijua anaitwa Mama Raha. Ndivyo anavyotajwa kila inaposomwa hitima.

Bibi akatazama barabarani kwanza.

"Mtumwa," akasema.

Nikakaa tena.

Wanaoishi mwambao wanajua jina hilo lipo. Wengine walipewa kwa maana ya mtumwa wa Mungu. Wengine walipewa kama Mwanajaa, kumficha mtoto. Na wengine, katika mji kama Pangani, ambao mashamba yake ya miwa kando ya mto yalilimwa na watu waliotekwa, walipewa kwa maana yake hasa. Unguja na Pemba utumwa ulipigwa marufuku 1897, huku bara sheria ikasubiri hadi 1922. Bibi hajui mama yake alikuwa katika kundi gani. Aliwahi kumuuliza mara moja akiwa msichana, akajibiwa, "Mimi ni Mama Raha."

Hata Siti binti Saad, yule aliyetoka Unguja mwaka 1928 akaenda Bombay kuimba katika sahani za santuri kwa Kiswahili, alizaliwa kijijini Fumba na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye hadhi, lilimjia ukubwani, mjini, baada ya watu kumsikia. Yeye alipata mji mzima wa kumbadilishia jina. Mama yake Bibi alipata mtoto mmoja, akajiita kwa jina la mtoto huyo, na la zamani likazama.

Kwenye kivuko, maji yakiwa mengi na jua linashuka upande wa juu wa mto, ndipo jambo lilipokaa sawa kichwani mwangu.

Mtumwa ni jina alilopachikwa. Lilimweleza yeye kwa macho ya wengine. Raha na Tabu alichagua mwenyewe. Hakujua kuandika, hakuacha picha, kaburi lake hatuna hakika nalo. Maneno yake tuliyobaki nayo ni hayo mawili. Ni kama kwamba alisema: nilifurahi, kisha niliumia. Na la pili ndilo lililoishi miaka 80 na zaidi, likaitwa kila siku, likaitikiwa.

Na Bibi naye, alipompata mtoto wa kwanza aliyepona, alimwita Faraja. Huyo ni mama yetu. Nimeishi na majina hayo mawili maisha yangu yote, Tabu na Faraja, na sikuwahi kusikia kwamba moja linajibu lingine.

Na hilo ndilo nililolicheka kwenye benchi lile la kliniki.

## Siku ya 21

Nilimsimulia mdogo wangu kila kitu, mtoto akiwa amelala katikati yetu. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba jina ni Tabu, na nilizungumza kwa nguvu, labda kwa nguvu mno, kama mtu anayelipa deni.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hiyo tabu ni ya mama yake Bibi. Yangu mimi ilikuwa nyingine."

Ilikuwa nyingine kweli. Alikaa wodini siku 9 akimbandika kifuani mtoto mdogo kuliko mkate, akihesabu pumzi zake usiku, akiogopa kusinzia. Mimi nilikuwa Dar es Salaam kazini. Nilipiga simu asubuhi na jioni. Pumzi zile sikuzihesabu mimi.

Akika ilifanyika siku ya 21, kwa kuwa ya 7 ilitukuta hospitali. Ami alikuja, shemeji akachinja mbuzi, nywele zikanyolewa. Bibi alivuka mto na kupanda gari mbili kuja Tanga, akakaa kwenye mkeka mtoto mapajani. Ami akauliza jina. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyejibu, ingawa desturi angejibu baba.

"Khadija. Kwa sababu alikuja kabla ya siku zake."

Nilimtazama Bibi. Nilitarajia kuona kitu usoni, sikukiona. Aliinama kwenye sikio la mtoto, akamwita "Somo." Na amemwita hivyo mpaka leo, na nyumbani sasa wapo wanaomwita Tabu na wapo wanaomwita Khadija, na mtoto anageuza shingo kwa yote mawili.

Sitasema sikuumia kidogo. Nilitaka liandikwe. Nilitaka nesi yule aliandike kwa mkono wake. Wiki ya 6 tulirudi kwa chanjo, kadi ikajazwa, Khadija, herufi kubwa, na hakuna aliyeinua macho. Mwanamke aliyekaa pembeni yangu akasema jina zuri hilo, la Bi Khadija. Nikamwambia, na lingine ni Tabu, ni jina la bibi yetu. Akanitazama, akasubiri, nami nikamsimulia habari ya jahazi mpaka zamu yake ilipofika.

Nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika: Mtumwa, aliyetaka kuitwa Mama Raha. Akamzaa Raha. Akamzaa Tabu. Tabu akamzaa Faraja. Mbele ya kila jina nimeandika kilichokuwa kikitokea siku ile, kama Bibi alivyonieleza.

Nilipofika kwa Faraja na watoto wake nikakwama kwenye mstari wa kwanza. Shuleni walinitania miaka yote, "Hukudhani nini?" nami nikajibu sijui, mpaka ikawa tabia. Nilipoanza kazi nikajitambulisha kama Siku, na watu wakadhani ni kifupi cha kitu kizuri.

Jana usiku nikampigia mama.

"Mama, mimi nilipozaliwa, hukudhani nini?"

Upande wa pili nilisikia mwiko ukiwekwa chini.

"Ngoja nitoe chungu jikoni," akasema, "nikae vizuri."